Makanisa ya Kale Yana Neno kwa Askari

Askari aliyepewa mapumziko ya siku moja huko Majanji ana mambo machache ya kuchagua. Aweza kulala usingizi. Aweza kufua sare yake na kuipiga pasi. Aweza kuketi ufukoni akitazama mitumbwi ikirejea na samaki. Aweza pia kuingia mahali pa vinywaji na kutoka humo jioni, mfuko ukiwa mtupu na kichwa kikiwa kizito. Leo twapenda kuongeza jambo la tano, ambalo gharama yake ni nauli tu: kuzuru makanisa ya kale.

Hatuna shaka kwamba wako watakaouliza jambo hili lina faida gani kwa mtu wa bunduki, na hasa kwa askari aliye Mwislamu, au kwa yule ambaye kanisani huenda siku ya Krismasi tu. Tunajibu mapema kwamba hatuzungumzii habari ya kubadili dini. Kila mmoja na abaki na imani yake. Tunazungumzia elimu. Ndani ya majengo hayo, na katika makaburi yaliyoyazunguka, yamehifadhiwa matendo ya watu wenye silaha, mema kwa maovu, nayo yamehifadhiwa na watu wasio na silaha. Kitabu cha matukio katika kituo cha polisi huweza kuliwa na mchwa, na faili la kikosi huweza kupotea. Lakini lile ambalo raia wamelichonga juu ya jiwe hudumu, na kila mpita njia hulisoma.

DESTURI YA VIJIJI VYA UINGEREZA

Huko Uingereza kuzuru makanisa ya vijijini ni desturi ya watu wa kila namna, wacha Mungu na wasio na dini. Kanisa la Kianglikana pekee lina majengo ya ibada yapatayo 16,000 katika nchi hiyo, na mengi yalijengwa kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Kanisa la Escomb, katika jimbo la Durham, ni la mawe, nalo lilijengwa katika karne ya saba. Kule Greensted, jimbo la Essex, kuna kanisa ambalo ukuta wake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa na kusimamishwa wima katika karne ya kumi na moja. Mvua na theluji za miaka mia tisa na zaidi hazikuyaangusha. Mengi ya makanisa hayo huachwa wazi mchana. Mgeni huingia taratibu, hutazama, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, huacha sarafu sandukuni, huenda zake.

Askari akiingia humo, jambo litakalomshika macho kwanza ni majina. Karibu kila kijiji kina ubao au jiwe lenye majina ya vijana waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na chini yake yakaongezwa majina ya waliokufa katika vita ya 1939 hadi 1945. Aghalabu majina hayo hayakupangwa kwa vyeo bali kwa alfabeti, hata luteni na askari wa kawaida wakasimama katika mstari mmoja kama ndugu. Katika nchi nzima vimehesabiwa vijiji hamsini na kitu tu ambavyo vijana wao wote waliokwenda katika ile vita ya kwanza walirudi hai. Katika baadhi ya makanisa utaona pia bendera za zamani za vikosi. Kikosi kikipata bendera mpya, ile kuukuu haitupwi wala haichomwi. Huletwa kanisani kwa gwaride, hutundikwa juu, nayo huachwa ining'inie hapo mpaka nyuzi zake ziishe zenyewe.

Tukilinganisha na kwetu, moyo hupata uchungu. Katika vita hiyo hiyo ya 1914 hadi 1918, wapagazi wa Afrika Mashariki waliochukua risasi, unga na majeruhi juu ya vichwa na mabega yao walikufa kwa maelfu. Hesabu za serikali ya wakati ule zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Majina yao mengi hayakuchongwa po pote. Kumbukumbu yao kubwa ni majina ya mitaa, Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo watu hununua nyanya na nguo bila kukumbuka kwamba neno lenyewe lilikuwa jina la jeshi la wapagazi.

KUTOKA SUSSEX HADI BUSOGA

Miongoni mwa vijiji hivyo vya Uingereza kimo kimoja ambacho habari zake zinafika mpaka kwetu, kando ya Ziwa Victoria. Nacho ni Hurstpierpoint, katika jimbo la Sussex. Hapo ndipo alipozaliwa James Hannington mwaka 1847. Alikuwa mtoto mtundu. Alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto kwa kuchezea baruti, akijaribu kuteketeza kiota cha nyigu. Katika ujana wake alipata kuwa ofisa katika kikosi cha kujitolea cha mizinga cha Sussex. Baadaye akawa kasisi, akahudumu katika kanisa dogo la Mtakatifu George, lililojengwa na baba yake kijijini hapo. Mwaka 1884 alifanywa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa eneo hili letu la Afrika ya Mashariki, na Januari 1885 akafika Mombasa.

Kituo kikubwa cha wamisionari wa Kianglikana pwani kilikuwa Rabai, mahali ambapo Krapf na Rebmann walianza kazi yao mwaka 1846. Kutoka huko, Julai 1885, Hannington aliondoka na msafara wa watu wapatao mia mbili. Hakufuata njia ya zamani ya kusini mwa ziwa, bali alipita katika nchi ya Wamaasai, kwa kuwa ilikuwa fupi na yenye hewa njema. Msaidizi wake mkuu alikuwa Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Oktoba msafara ulifika kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, mashariki ya mpaka wetu. Hapo Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya watu, naye akaendelea magharibi na wapagazi wapatao hamsini.

Hakujua hatari iliyokuwa mbele yake. Kabaka Mwanga wa Buganda alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka ishirini, aliyekalia kiti cha enzi mwaka mmoja tu. Watu wa nchi yake walikuwa na imani ya siku nyingi kwamba atakayeila Buganda atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Tena habari zilikuwa zimefika kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi huko pwani. Mzungu aliyetokea mashariki, hata kama mkononi alishika kitabu, machoni pa baraza la Mwanga alikuwa mtangulizi wa jeshi. Na sisi tunaoyatazama mambo hayo leo hatuwezi kusema kwamba hofu ile ilikuwa ya bure, kwa maana haikupita miaka kumi Buganda ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Kosa halikuwa katika kuogopa. Kosa lilikuwa katika lile lililofanywa kwa sababu ya hofu.

Tarehe 21 Oktoba, 1885, Hannington alikamatwa katika nchi ya Luba, mtawala mmoja wa Busoga. Alifungwa siku nane huku wajumbe wakienda na kurudi kati ya Luba na Mwanga. Tarehe 29 Oktoba amri ilifika. Askofu na wapagazi wake wakatolewa nje wakauawa. Wakanusurika wachache tu. Jones alingoja kwa Sundu mpaka alipopata yakini ya habari hizo, kisha akawaongoza waliosalia kurudi Rabai, wakafika mapema mwaka 1886.

Mahali pa kifo hicho ni Kyando, katika Wilaya ya Mayuge, na kila mwaka ifikapo tarehe 29 Oktoba waumini hukusanyika hapo kufanya ibada ya kumbukumbu. Zamani kutoka Majanji kwenda huko ilikuwa safari ya tope na vumbi. Siku hizi barabara ya lami ya kutoka Musita kupitia Mayuge, Lumino na Majanji mpaka Busia, yenye urefu wa kilomita 104, imeirahisisha. Askari aondokaye Majanji asubuhi aweza kusimama mahali hapo na kurejea jioni kabla ya zamu yake.

Akisimama hapo, twamwomba asimkumbuke Askofu peke yake. Awakumbuke wale wapagazi. Walikuwa watu wa mizigo, na wengi wao walikuwa watu wa pwani waliozungumza lugha hii hii tunayoiandika, ambayo baadaye ikawa lugha ya majeshi ya Uganda. Hawakuwa na ugomvi na mtu ye yote. Walikufa kwa kuwa walikuwa katika zamu ya mkubwa wao. Askari wa cheo cha chini hahitaji kufafanuliwa maana yake.

NGOME YA LUBA

Katika nchi hiyo hiyo ya Luba, huko Bukaleba kando ya ziwa, ilijengwa baadaye ngome ya serikali. Miaka kumi na miwili baada ya kifo cha Hannington, damu ilimwagika tena, na safari hii waliohusika ni askari wa serikali yenyewe. Walikuwa Wasudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi. Walipigana vita baada ya vita bila kupumzika. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mpagazi wa pwani, tena ulichelewa kwa miezi. Mwaka 1897 wakaamriwa kwenda safari nyingine ndefu, ambayo mwisho wake hawakuelezwa, na wake na watoto wao wabaki nyuma.

Waliasi. Wakatoka Eldama Ravine wakaja mpaka ngome ya Luba. Meja Thruston, aliyejua lugha yao na kuwaamini, alikwenda kuwatuliza, wakamkamata. Mnamo tarehe 19 Oktoba, 1897, yeye na Wazungu wawili waliokuwa naye wakauawa. Katika mapigano yaliyofuata alikufa pia George Pilkington, mmisionari aliyekuwa amekamilisha tafsiri ya Biblia katika Kiganda mwaka mmoja tu uliotangulia. Mapigano yaliendelea hadi mwaka 1898, na wengi walikufa pande zote mbili. Jeshi likalazimika kupangwa upya, na mwaka 1902 likaundwa lile jeshi la KAR ambalo majeshi ya nchi zetu tatu yametokana nalo.

Hatutetei uasi. Asi ni asi, na askari anayemwua ofisa aliyemjia kwa amani amejivunjia heshima. Lakini ofisa anayezuru Bukaleba na asijiulize kama askari wake wamelipwa, wamekula, na wameelezwa waendako, huyo amekwenda kutazama ziwa tu.

KILIMA CHA NAMIREMBE

Kutoka Busoga safari ya mwenye nafasi zaidi ni kwenda Kampala, katika kilima cha Namirembe. Mabaki ya Hannington yalihifadhiwa Mumias kwa muda, kisha tarehe 31 Desemba, 1892, yakazikwa katika kilima hicho.

Kanisa kuu linaloonekana leo ni la tano. Moja lilibomolewa na dhoruba mwaka 1894. La nne, lililojengwa kwa matofali ambayo watu wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, walichukua udongo wake kwa mikono yao, lilifunguliwa mwaka 1904. Septemba 1910 radi ililipiga, moto ukateketeza paa na kila kilichokuwamo. Wakaanza tena. Hili la sasa lilikamilika mwaka 1919. Kuna mafunzo hapo kwa kila mtu aliyewahi kuona kambi ikiangushwa na upepo.

Lakini jambo zito zaidi la Namirembe, kwa msomaji wa ukurasa huu, ni la mwaka 1977. Nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum kulikuwa katika kilima hicho. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari waliingia kwa nguvu nyumbani mwake wakidai kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na ukamataji wa watu ovyo. Tarehe 16 Februari, Luwum aliitwa mbele ya mkutano ambao askari wengi walikuwa wamekusanywa. Silaha zilianikwa mbele yao, mashtaka yakasomwa, na askari wakapaaza sauti kutaka washtakiwa wauawe.

Siku hiyo alikamatwa pamoja na mawaziri wawili. Mmoja alikuwa Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi ya Uganda. Wa pili alikuwa Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani, mwana wa Tororo, jirani zetu. Kesho yake redio ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Ni wachache walioamini. Mwili wa Askofu Mkuu ulipelekwa Mucwini, kwao Acholi, na waliofungua jeneza wakaona majeraha ya risasi. Huko Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa karibu na lile la Hannington. Waumini wakakusanyika wakaimba, na shimo likabaki bila mwenyewe.

Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Na mgeni akienda London, juu ya mlango mkubwa wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, ataona sanamu za mawe za mashahidi kumi wa karne ya ishirini, zilizozinduliwa mwaka 1998. Janani Luwum ni mmojawapo. Majina ya wale askari waliopiga kelele ukumbini hayakuandikwa po pote.

Waingereza nao wana kisa cha namna hiyo. Tarehe 29 Desemba, 1170, mashujaa wanne wa Mfalme Henry wa Pili walimwua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa lake la Canterbury. Mfalme alikuwa ametamka maneno ya hasira. Wao wakayafanya kuwa amri. Mwaka 1174 mfalme huyo huyo alikwenda Canterbury kwa miguu mitupu, akapigwa viboko mbele ya kaburi la mtu aliyeuawa kwa sababu ya hasira yake. Mahujaji wakaendelea kumiminika huko kwa karne nyingi.

NENO LENYEWE

Kyando, Namirembe na Canterbury husema neno moja. Katika kila mahali palikuwa na mkubwa mwenye hofu au hasira, na palikuwa na watu wenye silaha waliotekeleza. Mkubwa alikuwa na sababu zake. Watekelezaji walikuwa na utii wao. Watu wasio na silaha hawakuweza kuzuia jambo lo lote siku ile. Waliloweza ni kukumbuka, wakajenga ukuta kuzunguka kumbukumbu hiyo. Mwanga alipinduliwa na kufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Amin alifukuzwa mwaka 1979 na kufia ugenini, Saudi Arabia, mwaka 2003. Makaburi ya waliouawa yangali yanazuriwa.

Utii ni uti wa mgongo wa jeshi na polisi. Bila utii hakuna kikosi, kuna genge. Lakini utii una mpaka, na mpaka huo sasa umeandikwa katika sheria. Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza mateso bila kisingizio cho chote, na Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetesa. Ni jambo jepesi kulikariri darasani. Hulishika vizuri zaidi yule aliyesimama mbele ya kaburi.

ADABU ZA MZURU

Anayekwenda kuzuru, na ashike adabu. Asiyekuwa kazini na aache silaha ghalani, na ikiwezekana avae nguo za kiraia, kwa maana wako wazee ambao sare ndani ya ua wa kanisa bado huwatia baridi mwilini. Mwanamume avue kofia mlangoni. Amtafute mlinzi au kasisi, aombe ruhusa, wala asipige picha kabla ya kukubaliwa. Asikanyage kaburi wala kuegemea jiwe. Asome majina polepole, hata ya watu asiowajua. Kama kuna kitabu cha wageni, aandike jina lake kamili. Akiwa na chochote, aache kidogo kwa ajili ya paa, maana paa za kale huvuja kila mahali.

Na vikosi vyenyewe vyaweza kufanya zaidi. Kamanda mmoja, lori moja, Jumamosi moja, yatosha kuwapeleka vijana kutoka Majanji mpaka Kyando na Bukaleba, wakafyeke nyasi, kisha wakae chini ya mti wasimuliwe habari hizi na wenyeji. Wenyeji watafurahi kuona watu wa bunduki wakija na mafyekeo. Na vijana watajua kwamba wao pia wanaandikwa, kila siku, na wakulima, wavuvi na akina mama wanaowatazama kizuizini na ufukoni. Iko siku maandishi hayo yatasomwa, nao hawatakuwapo kuyarekebisha.